Nyaya zapita juu ya boma, giza labaki ndani

HAKUNA anayeutaja mtaa wa Kapsoya anapozungumzia uhaba wa stima. Mtaa huo uko upande wa mashariki wa Eldoret, mji uliotunukiwa hadhi ya jiji mnamo Agosti 15, 2024, na giza linapoingia, taa za nyumba za kupangisha, maduka na vibanda vya chakula huwaka kama katika mji mwingine wowote. Mpangaji akiishiwa na tokeni hutuma pesa kwa simu, na tarakimu 20 za kuingiza kwenye mita humfikia kabla ya chai kuchemka.

Lakini Kapsoya ni jina la wadi pia, mojawapo ya wadi tatu za eneo bunge la Ainabkoi, nyingine zikiwa Kaptagat na Ainabkoi/Olare. Anayeupa mji kisogo na kushika njia za kwenda Kaptagat huacha nyumba za ghorofa nyuma na kuingia katika mashamba ya mahindi, ngano na malisho ya ng'ombe wa maziwa. Milingoti haimwachi. Inaendelea kando ya barabara, moja baada ya nyingine, hadi macho yanapokoma. Kinachopungua ni ule waya mwembamba unaotoka kwenye mlingoti na kuingia chini ya paa la mabati.

Hapo ndipo penye fumbo la usambazaji wa umeme mashinani. Wengi hudhani kwamba boma lisilo na stima liko mbali na stima. Katika sehemu zenye watu wengi za magharibi mwa Kenya na Bonde la Ufa, mara nyingi sivyo. Boma hilo liko karibu kabisa na nyaya, pengine nyaya zenyewe zinapita juu ya zizi lake, na bado watoto husoma kwa mwanga wa koroboi au wa taa ndogo ya sola.

Si kwamba Uasin Gishu ilinyimwa umeme tangu zamani. Kituo kidogo cha kuzalisha umeme kwa nguvu za maji ya mto Sosiani kilianza kazi mwaka 1955, kikiwa na uwezo wa megawati 0.4 pekee. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1958, umeme wa bwawa la Owen Falls kule Jinja, Uganda, ulianza kusafirishwa hadi Nairobi kwa laini ya kilovolti 132 iliyopitia nyanda hizi za juu. Umeme wa bwawa la Turkwel katika Pokot Magharibi, lenye uwezo wa megawati 106, hushushwa hadi kituo cha Lessos, kusini mwa Eldoret katika Kaunti ya Nandi. Kituo hicho cha Lessos sasa kimeunganishwa pia na mvuke wa Olkaria.

Katika miaka ya karibuni kaunti hii imekuwa mzalishaji yenyewe. Vituo vitatu vikubwa vya kawi ya jua, Selenkei, Cedate na Alten, kila kimoja kikiwa na uwezo wa megawati 40, vimejengwa ndani ya Uasin Gishu na kuunganishwa na gridi ya taifa. Kimoja tu kati ya hivyo, jua linapowaka sawasawa, hutoa umeme mara mia moja ya ule wa Sosiani ya 1955. Mkulima anayeishi ng'ambo ya ua wa kituo kama hicho hafaidiki na ujirani huo. Umeme unaozalishwa hapo hupandishwa nguvu na kusafirishwa kwenda kuchanganyika na wa taifa zima, na yeye akiutaka hana budi kuungoja urejee kwa njia ya kawaida, kupitia transfoma ya kijiji chake.

Ni transfoma hiyo inayoamua nani ataona mwanga. Umeme husafirishwa vijijini kwa nguvu ya kilovolti 11 au 33, nguvu ambayo haiwezi kuingizwa nyumbani kwa namna yoyote. Ni sharti upitie kwenye transfoma, lile sanduku la chuma linaloangikwa juu ya milingoti miwili, ambalo huishusha nguvu hadi volti 240 zinazofaa taa, redio na pasi, au volti 415 kwa mashine kubwa zinazotumia nyaya tatu za moto. Kwa hivyo mlingoti ulio mbele ya lango pekee si ishara ya neema. Ikiwa nyaya zinazopita hapo ni za kilovolti 33, basi zina safari yao, na mwenye lango hana haki nazo isipokuwa ile ya kuzitazama.

Transfoma nayo ina mipaka yake. Umeme ukishashushwa hadi volti 240 huanza kudhoofika kadiri waya unavyorefuka na kadiri wanaoutumia wanavyoongezeka. Aliye karibu na transfoma hupata volti zake kamili. Aliye mwisho wa laini, saa moja usiku wakati kila mtu amewasha, huona taa zikififia na kuwa na rangi ya chungwa, na akiwa na friji, mashine yake huungua kabla ya wakati. Kwa sababu hiyo kampuni ya kusambaza umeme ya Kenya Power ilikubali kipimo cha mita 600: aliye ndani ya umbali huo kutoka kwa transfoma angeunganishwa kwa ada moja ya jumla, na aliye nje yake angelipia gharama halisi ya milingoti, nyaya na pengine transfoma mpya.

Inafaa kulipigia hesabu duara hilo, kwani ndani yake mna siri kubwa ya tofauti kati ya mtaa na kijiji. Duara la mita 600 kila upande lina ukubwa wa ekari 280 hivi. Katika mtaa kama Kapsoya, ambako ardhi imegawanywa kwa ploti za futi 50 kwa 100, ekari hizo hata baada ya kutoa barabara zinaweza kubeba nyumba zaidi ya elfu moja. Katika mashamba ya ekari tano tano, ekari hizo hizo zina maboma 56. Mashamba yakiwa ya ekari kumi, maboma ni 28. Transfoma ni ile ile kwa bei, na fundi anayepanda mlingoti hulipwa mshahara ule ule, lakini kijijini gharama yote inaangukia mabega machache.

Hesabu hiyo ndiyo iliyofanya umeme wa mashinani kuwa jukumu la serikali tangu mwanzo. Mpango wa kusambaza umeme mashinani ulianzishwa mwaka 1973, wakati kampuni ya umeme ikiitwa bado East African Power and Lighting. Kwa miongo mitatu mpango huo ulienda kwa mwendo wa kobe. Sheria ya Kawi ya mwaka 2006 ilizaa Mamlaka ya Usambazaji Umeme Mashinani, REA, iliyoanza kazi mwaka 2007 na ambayo baada ya Sheria ya Kawi ya 2019 iligeuzwa kuwa shirika la REREC, likiongezewa jukumu la kawi mbadala.

REA ilianza na maeneo ya umma: shule za upili, masoko na vituo vya afya. Kisha ulipokuja mpango wa vipakatalishi kwa wanafunzi wa darasa la kwanza baada ya uchaguzi wa 2013, nyaya zikafululizwa hadi kwenye shule za msingi. Uamuzi huo ulikuwa na busara yake, kwani shule iko katikati ya kijiji na transfoma ikiwekwa hapo, jirani nao wangeweza kujiunga. Wangeweza, lakini wengi hawakujiunga.

Kwa miaka mingi kabla ya 2015, ada ya kuunganishwa ilikuwa takriban Sh35,000. Kwa mkulima mdogo hizo ni pesa za ng'ombe. Na si hizo tu, kwani ada hiyo humfikisha mwenye boma kwenye mita na hapo basi. Ndani ya nyumba ni juu yake: nyaya za ukutani, soketi, swichi, na fundi mwenye leseni wa kuhakikisha kwamba kazi imefanywa ipasavyo. Nyumba ya udongo, ambayo ndiyo ya kwanza kwa vijana wengi wanaoanza maisha, haikubali kwa urahisi kazi ya namna hiyo.

Watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Kenneth Lee, Edward Miguel na Catherine Wolfram, pamoja na wenzao, waliyachunguza mambo hayo katika vijiji 150 vya Busia na Siaya, vyote vikiwa tayari na transfoma. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yaliwashangaza hata waliokuwa katika sekta ya kawi. Kwa wastani ni asilimia tano tu ya maboma na asilimia 22 ya biashara zilizokuwa na stima, ingawa karibu nusu ya maboma ambayo hayakuwa nayo yalikuwa chini ya mita 200 kutoka kwa nyaya za nguvu ndogo. Watafiti hao walisema kuwa watu hao wako chini ya gridi, tofauti na wale walio nje ya gridi ambao ndio waliokuwa wakizungumziwa katika kila mkutano.

Tofauti hiyo si ya maneno. Aliye nje ya gridi, kwa mfano katika sehemu kubwa za Turkana, Wajir au Marsabit, anahitaji suluhisho lake mwenyewe: sola ya nyumbani au mtambo mdogo wa kijiji. Mradi wa serikali unaofadhiliwa na Benki ya Dunia, KOSAP, ulibuniwa kwa ajili ya kaunti 14 za aina hiyo, na Uasin Gishu haimo. Aliye chini ya gridi tayari ameshatengewa transfoma, milingoti na mamilioni ya pesa za umma. Kinachomtenga na hayo yote ni mita chache na gharama ambayo hana.

Mwezi Mei 2015 serikali ya Rais Uhuru Kenyatta ilizindua mpango wa Last Mile, kwa ufadhili wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, Benki ya Dunia na wafadhili kutoka Ulaya. Ada ilishushwa hadi Sh15,000, nayo iliweza kulipwa pole pole, sehemu ikikatwa kila mteja anaponunua tokeni. Kwa nyumba zisizofaa kutiwa nyaya ukutani palitolewa ubao ulio tayari, wenye soketi, swichi na balbu, unaotundikwa na kuunganishwa mara moja. Badala ya kungoja mmoja mmoja aombe, wanakandarasi walitakiwa kuunganisha maboma yote yaliyo ndani ya duara la mita 600 kwa pamoja, jambo lililopunguza gharama ya kila boma.

Matokeo yalionekana. Kenya Power, iliyokuwa na wateja wapatao milioni 2.3 mwaka 2013, ilikuwa na zaidi ya milioni tisa muongo mmoja baadaye. Katika sensa ya 2009, chini ya robo ya nyumba nchini zilitumia stima kwa mwanga na takriban saba kati ya kumi zilitumia mafuta taa. Sensa ya 2019 ilipata asilimia 50.4 wakitumia stima ya gridi, na asilimia nyingine 19.3 wakitumia sola. Ni mabadiliko ambayo mzee aliyemaliza shule kwa koroboi anaweza kuyaeleza vizuri zaidi kuliko takwimu yoyote.

Hata hivyo, shabaha yenyewe imekuwa ikisogezwa mbele. Mkakati wa kitaifa uliozinduliwa Desemba 2018 ulitaka kila Mkenya awe na umeme kufikia 2022. Mwaka huo ulipita na sasa unaotajwa ni 2030. Jirani zetu wa Tanzania wana hadithi inayofanana. Huko ada ya kuunganishwa kijijini ilishushwa hadi Sh27,000 za Tanzania, na karibu vijiji vyote 12,318 vya nchi hiyo vimefikiwa na nyaya. Lakini kijiji kufikiwa ni jambo moja na kila nyumba kuwasha taa ni jingine.

Isitoshe, kuwasha taa hakujawa mwisho wa safari. Watafiti wale wa Busia na Siaya waliendelea na jaribio ambalo maboma kadhaa yalipewa punguzo la viwango mbalimbali kwa kura. Bei ilipokuwa kamili, waliojiunga walikuwa wachache mno. Ilipotolewa bure, karibu kila boma lilikubali. Kisha watafiti wakarudi baada ya mwaka mmoja na nusu hivi, na tena baadaye, wakitafuta mabadiliko katika mapato, afya na masomo. Hawakuona tofauti kubwa kati ya waliopata stima na ambao hawakuipata. Ripoti hiyo, iliyochapishwa mwaka 2020, imetumiwa na wengine kudai kwamba umeme wa kijijini ni hasara tupu.

Dai hilo limeshika ncha moja tu ya jambo. Maboma yale yalipata stima lakini hayakupata cha kufanya nayo. Yaliwasha balbu mbili tatu, yakachaji simu, yakafungua redio, na mwisho wa mwezi yakawa yametumia uniti chache sana. Ng'ombe aliuzwa au hakuuzwa, hakikubaki kitu cha kununua mashine. Stima bila mashine ni mwanga, na mwanga ni jambo jema, lakini haulipi karo.

Inasaidia kulinganisha. Mfumo mdogo wa sola uliovuma nchini kuanzia mwaka 2012, wakati kampuni ya M-KOPA ilipoanza kuuza kwa mkopo wa kulipwa kwa M-Pesa, ulikuwa na paneli ya wati nane hivi. Mteja aliweka amana kidogo kisha akawa analipa shilingi 40 kwa siku hadi mfumo ukawa wake. Paneli ya wati nane ikipata saa tano za jua kali kwa siku hutoa wati-saa 40, yaani zaidi kidogo ya uniti moja kwa mwezi. Zinatosha taa za kisasa, simu na redio. Kiwango cha chini kabisa cha bei ya stima, kile kinachotengewa wasiojiweza tangu Aprili 2023, ni cha wanaotumia hadi uniti 30 kwa mwezi. Boma lililounganishwa na gridi ambalo linatumia uniti tano halijatofautiana sana na jirani yake mwenye sola, isipokuwa kwamba limeigharimu nchi mara nyingi zaidi.

Sola pia ina mambo yake katika nyanda hizi. Eldoret iko karibu na ikweta, kwa hivyo urefu wa mchana haubadiliki sana mwaka mzima, na baridi ya mwinuko wa zaidi ya mita 2,000 ni baraka kwa paneli, kwani paneli inayopata joto kupita kiasi hupoteza sehemu ya nguvu yake. Tatizo ni Julai na Agosti. Katika miezi hiyo mawingu hutanda kuanzia mchana, mvua hunyesha karibu kila alasiri, na betri huingia usiku ikiwa nusu. Ndiyo miezi ambayo mahindi bado yako shambani na pesa ni haba, na mwenye mfumo wa kulipia kila siku huweza kujikuta amezimiwa kwa kukosa malipo na kwa kukosa jua vilevile.

Sera nazo hazijakaa mahali pamoja. Mwaka 2018 serikali ilitoza mafuta taa ushuru wa Sh18 kwa lita, ikitaja uovu wa wafanyabiashara waliokuwa wakiyachanganya na dizeli. Aliyeumia zaidi ni mwenye koroboi, ambaye hakuwahi kumiliki lori. Mwaka 2020 vifaa vya sola vilirudishiwa ushuru wa VAT, na mwaka uliofuata ushuru huo ukaondolewa tena. Muuzaji wa vifaa hivyo mjini hajui leo atauza kwa bei gani mwaka ujao, na mteja wake vilevile.

Faida ya gridi, basi, ni kazi ambayo paneli ya wati nane haiwezi. Katika Uasin Gishu kazi hiyo inajulikana vyema. Mashine ya kukata majani ya ng'ombe ina injini ya kilowati moja unusu hadi mbili. Pampu ya kuvuta maji kisimani ni kama hiyo. Kinu cha kusaga mahindi kinataka kilowati saba na nusu kwenda juu, tena kinataka laini ya nyaya tatu, na hapo ndipo wengi wamekwama: transfoma ya kijiji huenda ipo, lakini waya uliofika kwenye soko ni wa moja, unaofaa taa. Mwenye kinu hubaki na injini ya dizeli, huku bei ya dizeli ikiongezwa kwenye kila debe la unga.

Na kuna maziwa. Ng'ombe hukamwa mara mbili. Maziwa ya asubuhi huchukuliwa na pikipiki na kufikishwa kwenye kituo cha kupozea mapema. Ya jioni hukamwa giza likiingia, wakati ambapo hakuna wa kuyachukua, na yasipopozwa huwa yameanza kuchacha kufikia alfajiri. Familia hunywa sehemu, nyingine hutiwa kwenye kibuyu yawe mursik, na kinachozidi huwa hasara au huuzwa kwa jirani kwa bei ya kutupa. Boma lenye stima ya kuaminika na chombo cha kupozea huweza kuuza maziwa ya mara zote mbili. Hilo si taa tena, ni mapato. Ila neno zito hapo ni kuaminika. Stima ikikatika saa nne usiku na kurudi asubuhi, maziwa yote yameharibika na uniti zimeliwa bure.

Kukatika huko kunaweza kuwa kwa taifa zima, kama ilivyokuwa usiku wa Agosti 25, 2023, lakini kijijini sababu huwa za karibu zaidi. Mti huangukia waya. Radi hupiga. Mafuta ya transfoma hunyonywa na wezi, shaba yake ikauzwa kama chuma chakavu, na maboma yote ya duara lile yakalala gizani hadi nyingine iletwe. Mtaani, transfoma ikiungua wapangaji elfu moja hupiga simu kwa wakati mmoja. Kijijini hupiga watu thelathini, na gari la mafundi lina foleni.

Upande wa jikoni stima haijafika kabisa, hata mahali ilipofika sebuleni. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba asilimia 55.1 ya nyumba nchini zilipikia kuni na asilimia 23.9 gesi. Jiko la umeme la kilowati mbili likiwashwa kwa saa moja kila siku hutumia uniti 60 kwa mwezi, mara mbili ya kiwango cha wasiojiweza. Kwa hivyo mama aliye chini ya balbu yake mpya bado anapuliza moto wa kuni za mkaratusi, na moshi ni ule ule.

Mkaratusi huo una historia yake na stima. Wakulima wengi wa Uasin Gishu na kaunti jirani waliipanda miti hiyo wakilenga soko la milingoti, na Eldoret ikawa na viwanda vya kuitibu kwa dawa ili isioze wala kuliwa na mchwa. Mpango wa Last Mile ulipopamba moto soko lilikuwa kubwa. Katika miaka ya karibuni kampuni ya umeme imekuwa ikigeukia milingoti ya zege, ambayo hudumu zaidi, na mwenye miti iliyokomaa analazimika kuiuza kwa bei ya mbao au ya kuni. Mtu anaweza kuwa amekuza milingoti ya laini nzima na yeye mwenyewe bado anangoja kuunganishwa.

Anayelipia haya yote ni nani? Kwa sehemu ni wafadhili na mlipa kodi. Sehemu nyingine hutoka kwa kila mteja wa umeme nchini, ambaye hukatwa asilimia tano ya gharama ya stima aliyotumia kwa ajili ya usambazaji mashinani. Mpangaji wa Kapsoya anaponunua tokeni, ndani yake mna mchango wake kwa laini ya kijiji ambacho huenda hatakiona maisha yake yote. Wengi wanaolalamika kuhusu makato kwenye risiti hawajui kwamba hilo ni mojawapo.

Kuamua transfoma ijayo itawekwa wapi ni kazi yenye siasa nyingi. REREC ina utaratibu wa kuchangia kwa kiasi sawa na kile ambacho hazina ya eneo bunge, NG-CDF, iko tayari kutoa. Eneo bunge lililotenga pesa hupata transfoma, lililoelekeza pesa zote kwenye karo na madarasa hungoja. Transfoma ikishapatikana, mbunge na kamati yake huwa na neno kuhusu ikae kwenye shule ipi, kanisa lipi au kiwanda kipi cha chai au maziwa. Ikisogezwa mita mia nne upande wa mashariki, maboma kumi huingia kwenye duara na mengine kumi hutoka. Ndiyo maana hakuna kampeni inayopita katika sehemu hizi bila ahadi ya transfoma.

Kwa aliyebaki nje ya duara, njia inayopunguza gharama ni kuomba pamoja na majirani, ili laini moja itumikie maboma kadhaa na gharama ya milingoti igawanywe. Inaonekana rahisi hadi mpimaji anapofika. Laini haiendi kwa boma la mwisho bila kupita katika mashamba ya walio katikati, na kila mmoja wao hutakiwa kutia sahihi ya kuruhusu njia hiyo. Chini ya nyaya hairuhusiwi kuacha miti mirefu. Aliyeunganishwa tayari, na ambaye ana safu ya mikaratusi ya miaka minane kando ya ua, huulizwa akubali ikatwe ili jirani wa nyuma yake apate mwanga. Wapo wanaotia sahihi siku hiyo hiyo. Wapo wanaotaka walipwe kwanza, na maombi ya kijiji kizima hukaa kwenye faili hadi mazungumzo hayo yaishe.